Maombolezo ya Mtani

— Chukua kanga yako, Rashidi.

Luisa aliiweka juu ya ukuta wa mawe pale Shangani, imekunjwa vilevile kama ilivyomfikia. Rashidi hakuigusa. Jumapili mshenga wake alikuwa aende kwa Mzee Agostinho, baba yake Luisa, kuposa, na wiki nzima kijana alitembea kifua mbele kama jogoo aliyeshiba mahindi ya jirani.

— Nimekosa nini?

— Jana kwenye mazoezi uliwasifu wauaji.

— Ule ni mchezo wa jukwaani, Luisa. Mtawala kauawa na rafiki zake, mimi namwombolezea mbele ya umma, na wauaji wamesimama palepale. Maneno ndivyo yalivyo.

— Uliwaita wapenzi wa nchi, kwa sauti ya asali. Sauti hiyo naijua. Aliyemuuza kaka yangu Armando kwa Wareno alisimama kaburini akasema hivyohivyo. Watu wakalia. Mwezi haukuisha tukajua ni yeye.

Rashidi angeweza kusema pole. Lakini ushairi alijifundisha mwenyewe, bila mwalimu wala fimbo, na kiburi chake kilikuwa karibu na ulimi.

— Mshairi hamfafanulii asiyeelewa.

— Basi mshairi aoe shairi lake.

Akaondoka.

Nyumbani, dada yake Somoe alikuwa akimenya muhogo. Akaiona kanga mkononi mwa Rashidi.

— Imerudi yenyewe au imerudishwa?

— Luisa haelewi maombolezo.

— Haelewi? Kwenye msiba wa Armando, wewe mtani wao ulifanya nini?

— Nililala kaburini mpaka wakanigomboa kwa kuku.

— Ukasema nini?

— Kwamba marehemu alikuwa mchoyo wa tumbaku, asizikwe mpaka anigawie.

— Luisa alikasirika?

— Alicheka huku analia.

— Kumbe anaelewa. Alijua chini ya matusi yako kuna mapenzi. Jana kasikia sifa zako, akatafuta kilicho chini yake. Kilikuwepo?

Rashidi akayarudia maneno ya jana kichwani. Hakikuwepo kitu. Yule mwombolezaji wa kwenye mchezo, wenye visu wakiwa ubavuni mwake, alikuwa akiwasifu wauaji mpaka sifa ziwakwame kooni. Na yeye Rashidi alinogewa na vina tu, akaimba kama kasuku.

— Nenda kwao, dada. Mwambie nimekosa mimi. Aje ukumbini na baba yake.

Jumamosi ukumbi wa Rahaleo ulijaa. Rashidi alipanda jukwaani, akawapita wauaji, akajilaza kando ya maiti ya mtawala. Watu wakacheka, walimtambua mtani.

— Siondoki hapa, alisema. Rafiki zake hawa walimpenda mno. Wanipe kuku wangu kwanza.

Kicheko kikazidi.

— Walimpenda, lakini mikono wameificha. Mpenzi wa nchi, lete mkono wako nikushukuru.

Lukasi, aliyecheza muuaji mkuu, akarudi nyuma bila kufundishwa. Kicheko kikakatika.

— Unakwenda wapi? Mbona humtazami maiti wako?

Katikati ya viti Mzee Agostinho akasimama.

— Mwambie amtazame, alisema, sauti imempasuka. Yule msaliti wetu hakumtazama.

— Mtazame, alisema Rashidi.

— Mtazame, ukumbi ukaitikia, mstari kwa mstari.

Lukasi akatazama. Kisha akainamisha kichwa, na hakuna aliyejua kama bado anacheza.

Nje, mzee alimshika Rashidi bega.

— Tangu tumzike Armando neno lile, mtazame, lilinikaa kooni. Leo limeshuka. Mshenga wako aje kesho. Padri na shehe watajuana wao.

Luisa alikuwa nyuma yake, macho mekundu, mdomo umeanza kucheka.

— Nilisikia mshairi hafafanui.

— Nilikuwa sijaelewa. Wewe ndiye ulielewa.

— Rudia. Wifi yangu huyu hajasikia.

— Wewe ndiye ulielewa, Luisa.

Luisa akanyoosha mkono.

— Lete kanga yangu.

— Iko nyumbani.

Somoe, aliyesimama kando yao, akakohoa, akaitoa kwapani.

— Nyumbani wapi? Nilijua utaropoka tu, uisahau. Ila inanuka muhogo.

— Acha inuke, alisema Luisa, akajitanda.