Nguo za Tope na Swali la Mwalimu

Kila Jumatatu, siku ya soko la mji wa Segu nchini Mali, Wassa Traore alitandika jamvi lake karibu na wauza vyungu. Kulia aliweka nguo zilizopakwa tope mara moja. Kushoto aliweka zilizopakwa mara tatu. Ukizitazama upesi, utadhani ni mapacha. Zifue mara kumi ndipo utajua. Ya mara moja inapauka. Ya mara tatu inabaki nyeusi tititi.

Kazi hiyo aliifanya na mke mwenzake, Nyeba Dembele. Wassa, aliye mkubwa, alichemsha majani na kuloweka vitambaa mpaka vikawa vya manjano. Nyeba alikuwa na mkono mtulivu. Yeye alichora kwa tope la mtoni, lililolala mtungini mwaka mzima. Walielewana. Nyeba alimwita Wassa "dada," na Wassa hakugusa chakula kabla Nyeba hajarudi kutoka mtoni.

Shida yao ilikuwa moja. Wanunuzi wakubwa walitoka Ghana, na walisema Kiingereza. Wassa alijua neno moja tu la lugha hiyo, nalo ni "good", yaani nzuri. Mgeni akishika nguo ya kulia, Wassa anasema "good." Akishika ya kushoto, "good." Basi mgeni anaona zote ni sawa, anachukua ya bei ndogo na kwenda zake. Kazi ya wiki tatu inarudi nyumbani imekunjwa vilevile.

"Heri tungekuwa mabubu," Nyeba alisema siku moja. "Bubu angalau anaonyesha kwa vidole."

Kisha akaja Mama Afriyie, mwenye duka Kumasi. Kwa msaada wa mkalimani wa kuazima, alisema atarudi baada ya miezi miwili. Alitaka nguo nyingi, na alitaka zitakazodumu. Wassa na Nyeba wakatazamana. Wiki hiyohiyo walijiandikisha katika darasa la Kiingereza la watu wazima, pale shule ya msingi, baada ya swala ya alasiri.

Mwalimu wao, Nuhum Diarra, alikuwa kijana wa Bamako. Alifundisha kwa moyo mpaka shati likalowa jasho. Wassa alimpenda kwa hilo. Hakuwahi kumcheka mtu mzima aliyekosea.

Wiki ya tatu mwalimu alifundisha kulinganisha. Kitabu chake kilikuwa na picha ya mtu mrefu na mtu mfupi. Yeye akaona watu halisi watafaa kuliko picha. Akawaita Wassa na Nyeba mbele. Akasema kwa Kiingereza kwamba Nyeba ni mrefu kuliko Wassa, "taller." Darasa likaitikia. Akasema Wassa ni mzee kuliko Nyeba. Sauti zikapungua. Kisha akauliza, tena kwa uso wa kitoto kabisa, "Kati ya hawa wawili, nani mzuri zaidi?"

Fundi cherehani mmoja aliinama kutafuta chini ya dawati kitu ambacho hakikuanguka. Nyeba alitazama sakafu. Darasa zima lilijua hawa ni wake wa mume mmoja. Mwalimu peke yake ndiye hakujua.

Usiku huo Nyeba alipakua chakula na kula peke yake. Kesho yake hakwenda darasani, na wengine watatu hawakwenda. Alichora nguo akiwa amempa Wassa mgongo. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe, mistari yake ilipinda. Wassa aliiona. Moyoni aliona vitu viwili vikimponyoka, soko na nyumba.

Siku iliyofuata Wassa aliwahi shuleni kabla ya wenzake.

"Mwalimu, wewe si Diarra?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi ni Traore. Basi nitakwambia bila kukuvunjia heshima. Kichwa chako kimejaa kunde."

Mwalimu akacheka. Kati ya ukoo wa Traore na ukoo wa Diarra, kuitana wala kunde ni salamu. Waliachiwa utani huo na mababu, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Wassa alimngoja amalize kucheka, ndipo akamweleza kwamba yeye na Nyeba ni wake wa mume mmoja.

Mwalimu akashika kichwa. "Kitabu hakikuniambia, mama."

"Kitabu hakijaoa wake wawili."

Akamshauri afundishe kwa vitu. Viazi vikuu havioni haya, wala vyungu, wala nguo. Na kama ni lazima kupima watu, basi ukoo wa Traore upimwe na ukoo wa Diarra. Hapo hakuna atakayelala na kinyongo.

Kijana yule hakujitetea. Jioni hiyo alikwenda nyumbani kwao na kokwa kumi za kola mkononi, zawadi ya heshima, akamwomba Nyeba radhi. Nyeba alimwacha amesimama kidogo. Kisha akasema, "Dembele na Traore ni kitu kimoja, basi nawe ni mtani wangu. Keti, mla kunde." Wassa, aliyekuwa akikoroga majani uani, akapumua.

Somo lililofuata, meza ya mwalimu ilijaa vitu vya sokoni. Alishika viazi vikuu viwili. Alieleza kwamba ukilinganisha viwili, neno la Kiingereza linaongezwa kipande mwishoni. "Strong" ni imara. "Stronger" ni imara zaidi. Vikiwa vitatu au zaidi, na kimoja kinashinda vyote, ni "the strongest." Maneno machache ni makaidi. "Good" haikubali kipande, inabadilika yote, inakuwa "better," kisha "the best."

Nyeba alichanganya. Walipokuwa wakiosha nguo mtoni, Wassa akamtegea kitendawili.

"Nikiwa peke yangu, sina mkia. Nikishindana na mmoja, naota mkia. Nikiwashinda wote, nabadili mkia na kuvaa kilemba."

Nyeba alifikiri mpaka maji yakataka kuchukua nguo. Kisha akapiga kofi. "Strong! Kilemba ni lile 'the' la mbele." Toka siku hiyo hakukosea tena. Na darasani, kila mtu alilipiza kisasi kwa mwalimu Diarra, kwamba tumbo lake ni kubwa kuliko mtungi na sahani yake ya kunde ndiyo kubwa kuliko zote Segu. Mwalimu alisahihisha matusi yote kwa chaki.

Mama Afriyie akarudi. Akashika nguo ya kulia.

"Strong," Wassa alisema.

Akashika ya kushoto.

"Stronger than that one," yaani imara kuliko ile.

Nyeba akafungua furushi, akatoa nguo iliyopakwa mara nne. "And this is the strongest." Akatema mate kwenye kidole, akasugua rangi kwa nguvu, akamwonyesha kidole. Kilikuwa safi.

Mama Afriyie alichukua nguo zote za kushoto, na akaagiza nyingine thelathini za furushi lile. Halafu, kwa furaha tu, aliwatazama wote wawili akauliza: kati yenu, fundi bora ni nani?

Lilikuwa swali lilelile. Mkono wa Nyeba ukasimama juu ya furushi. Wassa sasa alikuwa na maneno yote ya kulijibu, lakini hakuna hata moja alilotaka kulitumia. Nyeba ndiye aliyejibu, kwa Kiingereza, pole pole.

"Mimi sijui. Lakini aliye mbaya kuliko wote ni mwalimu wetu. Yeye ni Diarra."

Mama Afriyie hakuelewa. Wao walicheka mpaka wauza vyungu wakageuka.

Jioni hakukuwa na nguo ya kurudisha. Lilibaki jamvi peke yake. Wassa aliinama kulichukua, Nyeba akamwahi, akalitwika kichwani.

"I am taller," alisema, na akatangulia njia.