Rangi ya Ngozi ya Shadha

Sura zote zilitoka za kijani. Mambo yalianza hivyo tu, na wewe pia ungeilaumu printa kama alivyoilaumu Wijdan.

Pale Jeddah picha za sherehe za wanawake haziendi studio. Wageni wamekaa bila shela, vichwa wazi, na hakuna mama atakayekubali picha ya binti yake ipite mikononi mwa fundi asiyemjua. Ndiyo maana Wijdan alipiga picha mwenyewe na kuzichapa mwenyewe, chumbani kwake. Jumatatu hiyo alikuwa anachapa picha za hina ya mdogo wake, Shadha, iliyofanyika Jumamosi. Harusi ilikuwa Alhamisi. Kwenye skrini wote walipendeza. Kwenye karatasi, hata shangazi aliyejipamba kuliko bibi harusi alionekana kama mtu aliyekula samaki aliyeoza.

"Mama mkwe akiziona hizi atasema tumemficha ugonjwa," alisema mama yao, Bi Khairiya.

"Hakuna ugonjwa, mama. Printa ndiyo haijui rangi. Itabidi niifundishe."

Kuifundisha kunataka subira. Unachapa karatasi yenye miraba midogo mia tisa ya rangi, unaiacha ikauke siku nzima, kisha unapitisha kipima-rangi mstari kwa mstari. Kompyuta inalinganisha rangi iliyoagizwa na rangi iliyotoka, halafu inaandika wasifu wa ile printa: kwa wino huu na karatasi hii, inakosea hapa na pale, isahihishwe hivi. Wijdan aliitandaza karatasi yake mezani, akawaambia watu wote nyumbani wasiiguse.

Hakuwaambia wasiifukize. Nani angefikiria kusema hivyo? Bi Khairiya alikuwa anazunguka na chetezo tangu asubuhi, anafukiza magauni, mashuka na mito ya bibi harusi, na alipoikuta karatasi ya rangi rangi aliona nayo ni ya harusi. Aliishika juu ya moshi wa udi, akaisomea Ayatul Kursiyu kama anavyozisomea nguo za binti yake, akairudisha mahali pake.

Jumanne alasiri Wijdan aliikuta inanukia. Alicheka peke yake, akaipima hivyo hivyo, kwa sababu kuanza upya kungemlia siku nyingine.

Picha ya kwanza ilitoka safi. Dhahabu ilikuwa dhahabu, na ngozi za shangazi zake sita zilikuwa ngozi za watu. Aliyebaki kijani ni Shadha peke yake, pale kwenye kiti cha bibi harusi; kijani cha hina mbichi iliyotoka kukorogwa. Na nyuma ya wageni, kando ya pazia, alisimama mwanamke mwenye gauni la nyumbani, kichwa kimeinama. Kwenye skrini pazia lilikuwa pazia tu.

Wijdan alichapa tena. Mwanamke alikuwa amesogea hadi safu ya nyuma, mikono ameinyoosha kama anayepapasa ukuta. Chumba kilianza kunuka maji yaliyotuama. Alichapa mara ya tatu, na kichwa cha printa kilipokuwa kinakwenda na kurudi alisikia ndani ya mkwaruzo wake pumzi ya mtu anayelia amejiziba mdomo, na karatasi ikatoka polepole, kwanza pazia, kisha nywele zilizolowa, kisha uso ulioinuliwa unaomtazama yeye moja kwa moja, na uso huo ulikuwa wa Shadha.

"Mama," aliita kwa sauti ya chini. "Njoo. Funga mlango."

Bi Khairiya aliingia na chetezo chake, akaitazama picha, akakaa kitandani.

"Gauni lile aliingia nalo bafuni Jumamosi, kabla ya hina. Alikawia mpaka nikagonga."

"Na alipotoka?"

"Alitoka kimya. Nikasema ni haya ya harusi. Wijdan, tangu siku ile mdogo wako hajagusa chakula chenye chumvi, na wanaoikimbia chumvi ni majini."

Mlango uligongwa, chini kabisa, karibu na sakafu.

"Dada," ilisema sauti ya Shadha. "Mnachapa nini?"

Wijdan aliogopa mpaka meno yakauma. Lakini alikuwa na mdogo mmoja tu.

"Picha zako hazitoki vizuri, mpenzi. Nipe mkono nikupime rangi."

Mlango ulifunguka kidogo na mkono ukapenya, umechorwa hina hadi kwenye kiwiko. Wijdan alikandamiza kipima-rangi juu yake. Kompyuta ilitoa jibu lake: nyeupe ya karatasi tupu. Hapakuwa na kitu pale.

"Futa wasifu huo, dada," sauti ilisema kwa upole. "Tulikuwa tunapendeza sote tukiwa kijani."

Wijdan aliusukuma mlango kwa bega hadi mkono ukachomoka na mlango ukafungika. Karatasi ilikuwa imebaki moja. Bi Khairiya alivuta chetezo mpaka chini ya printa, akatia udi, akaanza kusoma, na karatasi ikaingia huku mlango ukikwaruzwa kutoka chini hadi juu, na moshi ukapanda, na printa ikahema na kukwama na kuhema tena, na Wijdan, mgongo wake mlangoni, akiwa analia waziwazi, akamwita mdogo wake kwa jina walilomwita utotoni, mpaka karatasi ikaanguka mezani. Kwenye picha hiyo kiti cha bibi harusi kilikuwa kitupu. Kando ya pazia hapakuwa na mtu.

Kukwaruza kulikoma. Nyayo nyepesi zilielekea sebuleni, ambako shangazi sita walikuwa wanakunywa kahawa.

Kisha kutoka bafuni: "Mama, nani kanifungia?"

Shadha alitoka na gauni lile lile, nywele zinachuruzika, mikono myeupe, haina hata tone la hina. Aliwashangaa walivyomkumbatia.

"Niacheni basi, mnanilowesha machozi. Wageni wanakaribia kufika na sijapakwa hina."

Aliolewa Alhamisi bila hina; wageni waliambiwa ilimwasha. Wijdan alipiga picha mia tatu. Mama mkwe amekwishaziomba mara nne, na kila mara anajibiwa kwamba wino umekwisha. Wino upo. Wasifu ule nao upo kwenye kompyuta, haujafutwa. Wijdan hufungua picha moja, ile ambayo shangazi zake wote sita wamemzunguka Shadha na mmoja wao amemwekea mkono begani, na huitazama kwa muda mrefu bila kuthubutu kuichapa. Kwenye skrini wote wana rangi ya watu.