Titi la Baba Tuntufye

Jua la Kyela halina huruma. Wanaume wa kijiji cha Ikolo walikuwa wanaanika kakao vifua wazi, jasho linachuruzika. Eliya peke yake alivaa sweta.

"Baba Tuntufye, umehamia Tukuyu kwenye baridi?" wenzake walimtania. "Au unaatamia mayai humo ndani?"

"Nina homa," Eliya alijibu, akaendelea kugeuza kakao.

Hakuwa na homa. Wiki tatu nyuma, akijisugua sabuni bafuni, vidole vyake viligusa kitu nyuma ya chuchu ya kushoto. Kigumu, saizi ya mbegu ya kakao. Akabonyeza. Hakikuuma sana. Kesho yake akabonyeza tena. Kilikuwepo tu, kama mgeni asiyeaga.

Eliya aliijua saratani ya matiti. Ilimuua dada yake, Anyosisye. Yule alificha uvimbe mwaka mzima, akafika hospitali kidonda kimeshafumuka. Lakini Anyosisye alikuwa mwanamke. "Mimi nina kifua, sina matiti," Eliya alijiambia. Basi akawa anapasha jani la mgomba motoni, anajikanda kwa siri. Siku moja jani lilipata moto kupita kiasi. Likamchoma. Akapiga yowe.

Mke wake, Kisa, akaingia mbio. Akamkuta mume amekaa kitandani, jani kifuani, machozi machoni.

"Unajipika?"

Eliya akaliondoa jani. Akamwonyesha. Kisa akagusa, na utani ukaisha.

"Kesho zahanati," alisema.

"Siendi."

"Kwa nini?"

"Pale anapima nani? Si Nancy? Bora nife."

Nancy alikuwa mke wa mtoto wao, Tuntufye. Alikuwa pia muuguzi wa zahanati ya kijiji. Kwa mila ya Wanyakyusa, baba mkwe na mke wa mwanawe hawasogeleani. Siku hizi wengi wameiacha mila hiyo, ila nyumba ya Eliya bado iliishika. Nancy akimwona baba mkwe njiani, anakata kona migombani. Miaka minne hawajasalimiana uso kwa uso. Leo amshike kifua?

Kisa hakubishana. Alipiga simu. Jioni Nancy akaja, akasimama nyuma ya ukuta wa jiko. Eliya akakaa upande wa pili, kwenye kigoda. Kisa akasimama katikati, kama mkalimani wa mkutano wa injili.

"Mama, muulize baba, uvimbe una muda gani?" Nancy alisema.

"Baba Tuntufye, uvimbe una muda gani?"

"Mwambie wiki tatu."

"Wiki tatu."

"Nimesikia, mama. Chuchu imeingia ndani? Inatoa maji au damu? Ngozi ina mikunjo, au kidonda?"

"Mwambie hapana," Eliya alisema. "Kidonda ni cha jani tu."

"Jani gani?"

Kisa akacheka mpaka akashika ukuta. "Alijikanda na jani la mgomba la moto, mwanangu. Ameiva upande mmoja."

Nyuma ya ukuta, Nancy alikuwa anajizuia kucheka.

"Mwambie asikande tena," alisema baadaye. "Jani haliondoi uvimbe. Linamchelewesha tu. Na mwambie mwanaume ana titi. Ni dogo, lakini lipo, na linaweza kupata saratani. Inatokea kwa wanaume wachache sana. Ila hao wachache wengi wanachelewa, kwa aibu."

"Mwambie kwetu aliugua mwanamke," Eliya alisema.

"Damu ya ukoo haichagui, mama. Kama dada yake aliugua, baba ndiye anatakiwa kuwahi zaidi."

Eliya akamkumbuka Anyosisye kitandani. Akakumbuka jinsi alivyokonda, na shuka lililofunika kifua. Mila yote ikamtoka kichwani.

"Kwa hiyo nakufa?" aliuuliza ukuta.

"Baba, sijui," Nancy akamjibu moja kwa moja. "Hakuna anayejua kwa kutazama wala kwa kushika. Uvimbe mwingi si saratani. Lakini lazima upimwe. Na hata ikiwa saratani, ukiwahi, matibabu yanasaidia zaidi."

Wote wawili wakashtuka. Ilikuwa mara ya kwanza kusemezana. Kisa akakunja mikono. "Sasa mimi nikapike?"

Eliya akakohoa. "Muulize nani atanipima."

"Tabibu Hezroni," Nancy alisema. "Ni mwanaume. Jumanne yupo. Mimi nitakuwa chumba cha chanjo, mlango nimefunga."

Jumanne Eliya akaenda. Hezroni alimpapasa matiti yote mawili na makwapa yote mawili.

"Mzee, sitaki kubahatisha," alisema. Akamwandikia rufaa ya hospitali ya wilaya.

Huko benchi lilikuwa limejaa wanawake. Mmoja akamtazama. "Baba, umemsindikiza mama?"

"Mama yuko kwenye mpunga. Nimejileta mwenyewe."

"Mbona foleni hii ni ya matiti?"

"Najua. Nimeleta langu. Dogo, lakini limefika."

Benchi zima likacheka. Wakamsogezea nafasi. Yule mwanamke akasema, "Umefanya la maana. Mume wangu hata malaria anaificha."

Daktari alikuwa mama wa makamo. Alimpima kwa ultrasaundi. Halafu akachukua kinyama kidogo kwa sindano, kipelekwe Mbeya. Akauliza dawa anazotumia. Eliya akatoa mfukoni vidonge vyake vya presha. Daktari akavisoma, akaandika.

"Majibu ni wiki mbili," alisema.

Wiki mbili hizo zilikuwa ndefu kama masika. Eliya alianika kakao, akasahau kuianua, mvua ikailowesha. Alimpeleka Tuntufye shambani kumwonyesha mipaka. Akamwambia Kisa ng'ombe yupi apewe nani.

"Ukimaliza kugawa," Kisa alisema, "nigawe na mimi. Nataka mwanaume anayeoga na sweta limevuliwa."

Alicheka, lakini usiku huohuo Eliya alimsikia anasali.

Siku ya majibu walikwenda wote wawili. Daktari alifungua karatasi. Eliya akaangalia midomo yake.

"Si saratani."

"Rudia."

"Si saratani, mzee. Ni nyama ya titi imekua tu. Kwa wanaume hutokea, kwa umri, kwa pombe au kwa dawa fulani. Kwako nashuku kidonge kimoja cha presha. Nitakubadilishia. Lakini usije ukaacha dawa mwenyewe. Presha ikipanda itakuua wakati unaogopa titi. Rudi baada ya miezi mitatu. Uvimbe ukikua, au chuchu ikibadilika, usingoje tarehe."

"Ndaga," Eliya akasema. "Ndaga fijo." Asante sana. Akatoka, akasahau kofia. Akarudi kuchukua kofia, akasahau dawa. Akarudi tena. Nje, Kisa, aliyetangulia kutoka, alikuwa amekaa chini kwenye nyasi. Eliya akakaa pembeni yake. Wakala ndizi.

Miezi mitatu ikapita. Uvimbe ukapungua mpaka ukawa wa kutafuta. Siku ya kupima kakao, kwenye foleni ya mizani, Eliya akawasimulia wenzake kila kitu. Wakacheka mpaka wakakaa juu ya magunia.

"Chekeni," alisema. "Ila ukioga, jipapase. Ukikuta kitu, usikae nacho. Nenda ukapimwe."

Aliyecheka kwa sauti kuliko wote ni Ambrose, mbebaji mwenye shingo nene, anayebeba gunia huku anapiga mluzi. Lakini Eliya alipoondoka, Ambrose akamfuata hadi barabarani.

"Mzee Eliya. Kuna mtu mmoja namfahamu. Chuchu yake inatoa maji mekundu. Tangu Krismasi."

"Anaishi wapi huyo mtu?"

Ambrose akatazama vidole vyake vya miguu. "Hapahapa karibu."

Eliya hakucheka. "Mwambie kesho saa kumi na mbili asubuhi nampitia. Avae shati la vifungo, ni rahisi kufungua. Nitakuwa naye mpaka mwisho."

"Nitamwambia," Ambrose alisema.

Asubuhi Eliya aliwahi. Lakini Ambrose alikuwa ameshasimama barabarani, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu.