Mbunge wa Upande wa Pili

Simu ililia tena wakati Roxanne Kessler akipakua makaroni na jibini. Ilikuwa Oktoba, katika mji mdogo wa Ohio, na uchaguzi ulikuwa umekaribia.

"Habari za jioni!" ilisema sauti ya mbunge iliyorekodiwa. "Nichagueni tena. Mimi ninawajali mashujaa wetu wa vita."

Roxanne akaikata. "Anza na mapafu yao, basi!"

Curtis, mumewe, alitaka kucheka. Kikohozi kikamkaba. Kule Iraki alilinda shimo la kuchomea taka za kambi, na moshi ule alirudi nao kifuani. Tangu majira ya kuchipua alikuwa ameiomba idara ya wanajeshi wastaafu ikubali kuwa ugonjwa wake ni wa vita, ili atibiwe. Kila wakiuliza, jibu ni lile lile: "Ombi linashughulikiwa." Sasa Curtis alikuwa analala ameketi kitini.

Asubuhi Roxanne alitoka kunyoosha kibao chake cha kumpigia kampeni mpinzani wa mbunge, mbele ya nyumba. Jirani yake, Bernadette Wozniak, alikuwa na kibao cha mbunge yule yule wa kwenye simu. Tangu vibao visimikwe, wawili hawa walikuwa wakisalimiana kwa kidevu tu.

"Roxanne, nimemsikia Curtis akikohoa. Bado hajatibiwa?"

"Muulize huyo mtu wako! Mashujaa anawapenda kwenye televisheni tu."

"Ina maana hujaenda ofisini kwake?"

"Nani, mimi? Nimegonga milango ya mtaa mzima ili ang'oke!"

Bernadette akashika kiuno. "Hivi una akili timamu wewe? Mumeo anakosa pumzi, wewe unanuna! Yule ni mbunge wetu sote mpaka muda wake uishe. Ana ofisi hapa mjini, nyuma ya posta. Ofisi ile haipigi kampeni. Inaendeshwa kwa kodi yako, ifuatilie mambo ya watu yaliyokwama serikalini. Mama yangu walimsaidia kupata pensheni, na wakati huo mbunge alikuwa wa upande wako."

"Wakijua nilimkataa je?"

"Hawaulizi kura yako. Wanauliza unaishi wapi. Ila Curtis aende mwenyewe, aweke sahihi, maana bila ruhusa yake hawawezi kuulizia habari zake. Hawana uwezo wa kuilazimisha idara ikubali. Lakini watadai jibu."

Roxanne alinung'unika njia nzima. Ofisini, picha ya mbunge ilikuwa inacheka ukutani.

"Hata meno yake siyapendi," alimnong'oneza Curtis.

"Weka sahihi, baba," alisema mama aliyekaa mezani, kama hakusikia.

Uchaguzi ulipopita, mbunge yule yule akiwa ameshinda, jibu lilikuja. Ombi lilikuwa limekaa likingoja uthibitisho kutoka jeshini kwamba Curtis alilinda shimo lile, na hakuna aliyekuwa ameuomba! Sasa uliombwa, ukapatikana, idara ikakubali, na Curtis akapelekwa kwa daktari wa mapafu. Baada ya matibabu ya miezi michache, alianza kulala kitandani.

Siku moja hospitalini, mama mmoja aliketi karibu na Roxanne, akilalamika. Ombi la kaka yake kwa idara ile ile halisogei.

"Nenda ofisi ya mbunge," Roxanne akamwambia.

"Yule? Nilimkataa!"

"Hata mimi. Na nitamkataa tena." Roxanne akatafuta namba ya ofisi, akampa simu yake. "Piga sasa hivi, mwenzangu. Nakushikia pochi."