Petroli na Afande

Fundi cherehani aliamka mapema, akatia uzi kwenye sindano, akaanza kushona sare za shule. Mkono wake wa kushoto haukunyooka vizuri. Miezi minane nyuma, mumewe aliuvunja. Kosa la mke? Alichelewa kufungua mlango.

Sasa mume yuko gerezani. Mtaani walimwita Petroli, naye alilipenda jina hilo kama nishani. "Msinichezee," alijigamba, "mimi nawaka mara moja!"

Saa tatu mama mkwe akabisha hodi, karatasi mkononi.

"Mkwe wangu, leo ni siku ya kuwaona wafungwa. Twende. Na hii fomu uitie saini. Ukikubali kumpokea nyumbani, watamtoa mapema."

"Akinipiga tena je, mama?"

"Mwanangu ana moyo mzuri. Ni hasira tu. Ndivyo alivyoumbwa. Hata marehemu baba yake alikuwa hivyo."

"Na wewe alikupiga?"

Mama mkwe akaitazama cherehani. "Mashine hii siku hizi ina kelele," akasema.

Mashine ilikuwa imesimama.

Gerezani wakakaa kwenye benchi la wageni, karibu na karakana ya useremala. Petroli alikuwa anagonga mguu wa kiti. Askari mmoja, mwembamba kama mpini wa ufagio, akamsogelea.

"We kichwa maji! Kiti gani hicho, au mtego wa panya? Chuchumaa chini!"

Wafungwa wakaangua kicheko. Fundi akajisogeza nyuma kwenye benchi. Alijua Petroli ana nyundo mkononi. Leo afande kakwisha, alijisemea.

Petroli akaiweka nyundo chini polepole. Akachuchumaa.

"Ndiyo, afande. Nisamehe, afande."

Na tabasamu juu!

Dakika tano baadaye Petroli alikuwa upande wa pili wa wavu, anamkodolea mkewe macho.

"Mbona umechelewa? Fomu umeshatia saini? Usinipandishe hasira, wewe mwanamke!"

Damu ya Fundi ikachemka. Mara hii haikuwa hofu.

"Hasira zako zina saa za kazi?" akauliza.

"Nini?"

"Afande amekutukana mbele ya watu. Nyundo ulikuwa nayo. Mbona hukuwaka?"

"Yule ni afande!"

"Kumbe unachagua wa kumpiga! Miaka yote nikijua huwezi kujizuia!"

Akainuka. Akaenda moja kwa moja ofisini kwa afisa wa ustawi wa jamii pale gerezani, mama mkwe anamfuata mbio mbio.

"Niambie," Fundi alisema hata kabla ya kuketi. "Mtu anaweza kuumbwa mpigaji?"

Afisa, mama wa makamo, akafunga faili lake.

"Kaa kwanza, dada. Watu hatufanani. Kuna mwenye hasira za karibu. Kuna mwenye wivu, anataka kutawala kila kitu. Kuna asiyejali mwenzake akiumia. Humu ndani, kwa waliopiga wake zao, tabia hizi tunakutana nazo sana. Zinaongeza hatari. Lakini tabia haimshiki mtu mkono ikampigisha. Wenye hasira ni wengi, na wengi wao hawajampiga mtu hata kofi."

"Huyu kajizuia kwa afande."

"Basi breki anazo. Kwako hakanyagi, maana amezoea kwamba nyumbani hakuna wa kumwajibisha."

"Nilidhani nikizidisha upole..."

"Hapana. Kosa ni la aliyepiga. Tuna darasa hapa kila wiki. Wanajifunza kutambua hasira inapoanza, na kukubali walichofanya. Wengine hubadilika, wengine hawabadiliki. Si kazi yako kumjaribu kwa mwili wako. Saini si lazima. Na akikutishia, hata kwa barua, njoo kwetu au nenda polisi."

Fundi akachukua kalamu na ile fomu. Karatasi ikawa inateleza, maana mkono wa kushoto haukuweza kuikandamiza. Mama mkwe akanyoosha kiganja chake, akaibana mezani.

"Miaka ishirini," mama mkwe alisema kwa ghadhabu. "Alinipiga miaka ishirini, nami nasema hasira, hasira! Andika, mwanangu."

Fundi akaandika: SIKUBALI.

Petroli alipelekwa darasani. Barua yake ya kwanza ilisema, "Ulinikasirisha, nikakupiga." Fundi akaipiga mstari kwa chaki ya kushonea, akairudisha. Ya pili ikaja, "Shetani alinipitia." Nayo akaipiga mstari. Shetani gani huyo anayemwogopa afande?

Baada ya miezi mingi ikaja nyingine, fupi: "Niliamua kukupiga. Hukunikosea."

Fundi aliisoma mara mbili, akaitia kwenye droo ya vifungo. Hakujibu. Kusema kweli ni mwanzo tu, na mlango wa nyumba una kitasa kipya.

Mara hodi! Alikuwa mama mkwe.

"Subiri, mama, namalizia mshono!"

Akaumaliza taratibu, akakata uzi, akakunja sare. Alichelewa sana kufungua mlango.

"Umenichelewesha, mkwe wangu," mama mkwe akasema, akaingia, akavuta kiti.