Kwa Nini Mama Hakushona

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Elina alifagia kibaraza cha nyumba waliyopanga Tunduma, kisha akaipangusa cherehani ya mama yake vumbi la malori yanayoelekea Zambia.

Mama yake, Jenista, alikuwa fundi hodari. Lakini kule Mkwajuni walikotoka, baba alimpiga kwa miaka mingi, na hata baada ya kumkimbia, kazi ilimshinda. Mlango ukibamizwa, alishtuka na kuangusha mkasi. Mteja akipandisha sauti, mikono ilimtetemeka na vipimo vikamtoka kichwani. Siku nyingine alikaa mbele ya cherehani mpaka jioni bila kushona hata pindo.

Wateja wakija, Elina aliwaambia, "Mama amevuka mpaka, ameenda Nakonde kununua nyuzi." Aliogopa watu wasije wakamwita mama yake kichaa.

Ijumaa moja alikuja Mama Faith, mteja aliyekuwa ameleta kitambaa cha sare ya kwaya kishonwe.

"Kila siku Nakonde?" alifoka, akausukuma mlango kwa kishindo.

Jenista alikuwa amejikunyata chini ya meza, mikono kichwani. "Nisamehe, baba Elina! Usinipige!"

Mama Faith alipigwa na butwaa. Akachukua kitambaa chake, kikiwa bado hakijakatwa, akaondoka. Habari zikaenea, na wateja wengine nao wakaja kuchukua vitambaa vyao.

"Mama, kwa nini hushoni?" Elina aliuliza huku akilia.

"Kila asubuhi najiambia leo nitashona, mwanangu. Mwili unakataa." Jenista aligeukia ukutani. "Labda mimi ndiyo basi tena."

Maneno hayo yalimtia Elina hofu kuu. Jumatatu alimweleza mwalimu wake, Rosemary, kila kitu. Baada ya masomo mwalimu alimfuata Jenista nyumbani, akawasindikiza yeye na Elina hadi zahanati, kwa muuguzi aitwaye Andongwisye. Muuguzi alizungumza na Jenista faragha kwa muda mrefu, kisha akamwita Elina.

"Mama yako si mvivu wala si kichaa," alisema. "Ameishi na hofu miaka mingi, na mwili wake haujaamini kwamba hatari imepita. Huo ni ugonjwa, na una matibabu."

Jenista akaanza kuhudhuria matibabu. Mwalimu Rosemary alimletea kazi ya kushona kaptula za wanafunzi, akamwambia asiharakishe. Wiki moja alimaliza mbili. Wiki iliyofuata hakugusa cherehani kabisa, akashinda kitandani.

Elina alikata tamaa. Akarudi kwa muuguzi peke yake.

"Shikamoo, dada. Mama atapona lini?"

"Marahaba. Sitakudanganya, Elina, sijui. Atapata nafuu, atarudi nyuma, atajaribu tena. Wewe ulidanganya watu ili umlinde, nami nakuelewa. Lakini ugonjwa ukifichwa, mgonjwa hubaki peke yake nao. Siku uliyosema kweli ndiyo siku mama yako alipoanza kutibiwa. Na huu si mzigo wa mtoto. Tuachie sisi watu wazima, wewe nenda kasome."