Fagio la Bibi Jarah

Asubuhi ya kwanza katika nyumba mpya, Hasmiza alifungua dirisha la jikoni akakuta bustani imefagiliwa.

Na si kufagiliwa kwa kulipua. Mistari ya fagio ilikuwa imelala sawasawa juu ya mchanga, kutoka getini hadi chini ya mshokishoki, jani huoni hata la dawa. Jana yake wakati wanashusha vitanda, majani yalikuwa yanawafika vifundoni, na Hasmiza alisema mbele ya watu kwamba bustani hiyo ni yake, ataianza mwenyewe, taratibu, kwa sababu ya mimba.

"Haya, tumeanza," alijisemea.

Maana chumba cha pili alilala mama mkwe wake, Mama Kalsom, aliyekuja kutoka Kuala Krai na tenga la kuku, eti kuwasaidia kuhamia na kumngoja mjukuu. Hasmiza alimjua. Yule hakwambii wewe mvivu. Anaamka kabla yako, anafanya kazi yako, ukiamka unajitukana mwenyewe.

Mama Kalsom alitoka akijifunga kanga, akatazama nje, akanuna.

"Uwanja unang'aa," Hasmiza alisema, kwa utamu wa makusudi. "Mtu si angengoja wenzake waamke?"

"Ndivyo nisemavyo na mimi," mama mkwe alijibu. "Hasa mtu mwenye tumbo lake."

Rosdi, mume mtu, alikuwa kati yao anakula wali wa nazi. Akacheka. "Nyumba moja, wachapakazi wawili! Mimi nina bahati gani?" Hakuna aliyecheka naye. Kila mmoja alijua kapigwa kijembe, na kila mmoja alidhani mwenzake ndiye kafagia.

Fagio lenyewe lilikuwa msumarini kwenye ngazi ya jikoni. La chelewa, la zamani, mpini umeng'aa kwa viganja. Siku ya kukabidhiwa funguo, Bibi Jarah aliyewauzia nyumba, kizee hana mtoto, hana mjukuu, aliwaachia vyote bila neno, ila hilo alilishika mwenyewe akamwelekea Hasmiza. "Hili ndilo la bustani, mwanangu. Unalipokea?" Nani katika jimbo zima la Kelantan atamkatalia mtu mzima? Hasmiza aliinama akalichukua kwa mikono miwili: "Nimelipokea, bibi." Kizee akafumba macho, akashusha pumzi ndefu, mpwa wake akamwingiza garini. Sasa Hasmiza aliligusa fagio akakuta ncha zake zimelowa umande, na lilinuka tambuu. Mama Kalsom hali tambuu. Lakini hasira haiulizi maswali.

Siku zikafuatana, na kila alfajiri uwanja unafagiliwa. Hasmiza alipanda mchaichai, manjano na pilipili, akapandia na kisirani chake. Mimba mbili zilikuwa zimeshamtoka. Hii ya tatu ilikuwa imevuka miezi yote ya kutisha, na nyumba ilinunuliwa kwa ajili yake, mtoto apate pa kukimbia. Kumbe anaanza maisha kwa kuoneshwa kuwa hata kufagia hawezi!

Kisha kuku wakaanza kufa.

Wa kwanza alikutwa chini ya mshokishoki, mzima, hana jeraha wala damu. Hana damu kabisa, hata Rosdi alipomkata kumtazama. Manyoya yake yalikuwa pembeni, yamefagiwa chungu moja safi. Wa pili akafuata, na wa tatu.

"Wewe si ndiye uliyelalamika kuku wanachakura pilipili zako?" Mama Kalsom aliuliza, sauti inatetemeka.

"Mimi, mama? Niue kuku?"

"Sijasema umeua. Nimeuliza tu."

"Na mimi nikuulize, nani anatoka nje alfajiri humu ndani?"

"Ala! Unaniuliza mimi?"

Rosdi aliwaomba wanyamaze, majirani wanasikia. Wakanyamaza, lakini kwa kununiana, na jikoni kila mtu akajipikia chungu chake.

Ni kwa hasira hiyo Hasmiza alianza kuitazama ile mistari kwa makini, akitafuta wayo wa mama mkwe apate ushahidi. Hakuna wayo. Alizunguka uwanja mzima, tumbo mbele, hakuna. Ndipo akatambua kwamba aliyefagia alikuwa anakwenda kinyumenyume, anafuta nyayo zake kila anaporudi hatua. Watu hufagia kutoka nyumbani kwenda nje. Huyu alianzia getini akarudi nyuma kuelekea nyumba. Siku ya kwanza mistari iliishia mshokishokini. Leo iliishia kwenye ngazi ya jikoni, na mtu anayefagia hivyo, pale mistari inapoishia, ndipo alipo.

Alfajiri iliyofuata alikuwa macho akivizia. Rosdi alikuwa zamu kiwandani. Adhana ilikuwa bado, anga limeanza tu kuwa kijivu, akasikia nje: chwaa... chwaa... Leo nakushika, alisema moyoni, akanyata hadi chumba cha mama mkwe, akasukuma mlango aone kitanda kitupu.

Mama Kalsom alikuwa amekaa kitandani, tasbihi mkononi, macho yamemtoka.

"Wewe uko hapa?" alinong'ona.

"Na wewe, mama?"

"Basi... nani anafagia?"

Chwaa, fagio likasema, chwaa, na wanawake wale wawili waliokuwa hawajasemezana tangu kuku wa tatu walijikuta wameshikana mikono kama watoto, wanaisikiliza sauti ikitoka getini ikija mshokishokini, ikipita mchaichai, ikipita mahali kuku walipofia, polepole, bila haraka ya mtu mwenye kuchoka, na harufu ya tambuu na udongo uliofukuliwa ikapenya chini ya mbao za sakafu ikajaa chumbani, na sauti ikapanda ngazi ya jikoni, ngazi moja baada ya nyingine, ikafika kizingitini, ikanyamaza, na katika kunyamaza huko mtoto akajikunja tumboni mwa Hasmiza akagota upande mmoja, asicheze tena hadi jua lilipochomoza.

"Nisamehe, mwanangu," Mama Kalsom alisema, anambembeleza tumbo kwa kiganja. "Nilidhani wewe."

"Na mimi nilidhani wewe, mama."

Walimwita Lebai Husin, mwalimu wa madrasa, mtu mpole mwenye kikohozi, anayesifika kwa mambo haya. Alizunguka uwanja, akalitazama fagio bila kuligusa.

"Mwenye nyumba alimpa nani hili?"

"Mimi," Hasmiza akasema.

"Ukamjibu nini?"

"Nimelipokea."

Lebai akakohoa, akakaa chini. "Binti yangu, hukupokea fagio. Umepokea mtumishi. Kinarithishwa hicho. Hutumika, na kinataka chakula: yai, bisi, damu kidogo. Kisipolishwa hujilisha." Hakulitazama tumbo la Hasmiza, na kule kutolitazama ndiko kulikomtisha zaidi. "Mrudishieni bibi, apokee kwa kinywa chake."

Rosdi akampigia mpwa wa Bibi Jarah. Alirudi amepauka. Bibi alikuwa amefariki jioni ileile ya kukabidhi funguo. Miezi mingi alikuwa anakata roho, haikatiki. Siku ile alifika nyumbani kwa mpwa, akalala, akafa anatabasamu.

"Hawezi kufa mwenye nacho mpaka kipokewe," Lebai alisema. "Nitasoma, na mtalichoma. Lakini siwafichi. Moto unafukuza chenye kupita njia. Chenye mwenyewe hutaka mwenyewe."

Alisoma baada ya alasiri hadi sauti ikamkauka. Rosdi akalimwagia fagio mafuta ya taa, akawasha. Mafuta yaliungua yote, chelewa hata hazikubadilika rangi. Hasmiza akaangua kilio pale pale uwanjani. "Mtoto wangu! Mtanipa mtoto gani mwingine?"

"Lete," Mama Kalsom akasema. "Nyie watoto wa mjini mnajua kuwasha moto? Nitalichoma huko nyuma kwa makumbi ya nazi. Ingieni ndani, mmenichosha."

Alilichukua kwa mikono miwili. Hasmiza aliliona hilo, lakini machozi yalikuwa mengi. Kisha moshi ukapanda nyuma ya nyumba, mzito, wakashukuru.

Asubuhi majani yalikuwa yametapakaa bustani nzima. Hasmiza aliyakanyaga peku, anacheka peke yake, na mtoto tumboni anapiga mateke. Hajapata kuona uchafu mzuri vile. Aliporudi ndani, Mama Kalsom alikuwa amekwisha kufunga mizigo.

"Mama! Si ulisema utanikanda nikijifungua?"

"Kuku wangu wamekwisha, nifanye nini hapa?" Hakumtazama usoni. Kifurushi kimoja, kirefu, kimezongwa kanga, hakutaka Rosdi ambebee.

Hasmiza akaumia. Basi yale ya kuku hayajaisha moyoni mwake, aliwaza. Akaumia zaidi alipojifungua salama, mtoto wa kike, akapewa jina Wafiyah, na bibi mtu hakuja. Rosdi akipiga simu, mama anasema magoti yanamsumbua. Arobaini ikapita. "Ananichukia," Hasmiza alisema. "Twende sisi. Akimbeba mjukuu ataona aibu."

Walifika Kuala Krai mchana wa jua kali, bila taarifa. Viwanja vya majirani vilikuwa vimejaa majani makavu. Uwanja wa Mama Kalsom ulikuwa mweupe, mistari imelala sawasawa kutoka getini hadi mlangoni, wala wayo mmoja.

Rosdi akashika kitasa cha mlango wa gari.

"Msishuke!" Mama Kalsom alikuwa dirishani, amekonda, mdomo mwekundu kwa tambuu. "Nakuomba, Rosdi, kaa humo humo."

"Mama, vipi? Tumekuletea mjukuu!"

"Namwona. Miza, mwanangu, mnyanyue. Mnyanyue juu zaidi nimwone vizuri."

Hasmiza alikumbuka ile mikono miwili, akakumbuka kile kifurushi. Yote aliyomdhania mwanamke huyu! Akamnyanyua Wafiyah hadi kichwa kikagusa dari la gari, analia bila kujificha, na dirishani mama mkwe wake akacheka, akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Kachukua pua yangu, maskini. Haya, nendeni."

Nyuma ya nyumba, kweupe, jua la saa sita likiwaka, kikaanza: chwaa... chwaa...

"Nani huyo anafagia, mama?" Rosdi akauliza.

"Nina mtu ananisaidia," Mama Kalsom akasema, anavuta dirisha. "Endesha gari, mwanangu. Anakuja mbele."